Pete ya Hamu

Jina la Mola litangulie, kisha hadithi ifuate.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tano na arobaini wa Hijra, mwezi wa Shaabani, masika yameushika mji wa Tanga kwa mikono miwili, na Wakili Batuli Mbwana alikuwa amesimama jikoni kwa mama yake akiutazama ukuta mtupu kwa uchu, kama mtu atazamaye sinia ya biriani.

"Batuli," akasema mama yake, Bi. Mwanatumu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa akiyachambua, "huo ukuta una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Basi uache. Unautia haya."

Batuli akaizungusha pete iliyokuwa katika kidole chake cha kati. Ilikuwa pete nyembamba, ya rangi ya majivu, haina kito wala nakshi. Pacha yake ilikuwa katika kidole cha mtu mwingine, Zubeiri Mwinjuma, fundi wa kusokota nyuzi za mkonge huko Pongwe, ambaye kwa miaka saba ya maisha yake alikuwa mtumwa wa unga, na kwa miaka miwili sasa alikuwa ameachwa huru. Kila hamu iliyompata Zubeiri ilipita katika pete yake, ikasafiri hewani, ikamfikia Batuli ikiwa nusu ya uzito wake. Haikubeba fikra zake, wala maneno yake, wala siri za nyumbani kwake. Ilibeba kutaka, na kutaka peke yake.

"Wenzako huvaa pete za waume," mama yake akaendelea. "Wewe umevaa ya mteja wako."

"Hii huvuliwa baada ya siku tisini, mama."

"Na za waume nyingine ni hivyo hivyo."

Sheria ndiyo iliyotaka hivyo. Zamani, wakili wa mzazi aliyenyang'anywa mtoto kwa sababu ya ulevi alikuwa akipewa majalada kumi asubuhi moja, akalijua jina la mteja wake mlangoni mwa mahakama, akamtetea kwa maneno aliyomtetea nayo wa kabla yake, akaenda kula. Watoto wakapotea katika mikono ya watu wasio na ubaya wo wote ila haraka. Ndipo ikapitishwa sheria kwamba hatasema mtu kwa ajili ya mzazi wa namna hiyo mpaka ameivaa hamu yake siku tisini. Mawakili wengi wakaikimbia kazi hiyo. Waliobaki ni wachache, na Batuli ni mmoja wao.

Lakini pete hiyo hiyo iliyoletwa kwa rehema iligeuzwa kuwa ushahidi. Unga wa siku hizo ulitengenezwa kwa ustadi muovu: ukiingia mwilini, baada ya saa moja hauachi alama katika damu. Vipimo vya kale vikawa kazi bure. Basi serikali ikasema: tusipoweza kuuona unga, tuitazame hamu. Pete ikaandika mstari, kuanzia sifuri hadi mia, mchana na usiku. Mzazi ambaye mstari wake ulipita thelathini kwa zaidi ya siku tisa katika zile tisini, mtoto wake alikabidhiwa walezi moja kwa moja, isipokuwa hakimu akiridhishwa kuwa hamu hiyo haikutulizwa kwa unga, na baada ya hapo hapakuwa na rufani.

Mstari wa Zubeiri ulikuwa umepita thelathini kila siku. Ulianza kupanda asubuhi, adhuhuri ukawa arobaini, alasiri ukagonga sabini, kisha jioni ukaanguka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Siku themanini na saba Batuli aliubeba mpando huo na muanguko huo, na ingawa mdomo wake haukusema neno, moyoni alikuwa amekwisha kumhukumu. Kwani ni kitu gani kiwezacho kuiangusha hamu ya namna ile kwa dakika chache, ila kitu chenyewe kinachotamaniwa? Zilibaki siku tatu kufika siku ya shauri. Binti wa Zubeiri, Ramla, alikuwa na umri wa miaka saba, mama yake alifariki siku ya kumzaa, na Batuli hakuwa na hoja hata moja.

Adhana ya Magharibi ikalia. Batuli akachukua tende, akasoma dua yake, akaitia kinywani. Alikuwa amefunga. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu katika sita za kadha, zile siku ambazo mwanamke huziacha katika Ramadhani kwa udhuru wake, akazilipa kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Naye, kama wanawake wengi wa mji wake, alizisogeza mbele mwezi baada ya mwezi mpaka Shaabani ikamkuta nazo.

Tende ilikuwa bado ulimini pete ilipotulia.

Kwanza alidhani ni utamu wa tende. Kisha akakumbuka kuwa jana pia ilitulia namna hiyo, akiwa na tende mdomoni, na juzi pia. Akakaa akiwa ameishika kokwa mkononi. Akauwasha mstari wa siku zote za pete juu ya kioo cha meza, akazitazama nyakati za muanguko. Leo, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Wiki iliyopita, dakika ishirini na nane. Siku ya kwanza ya pete, kiangazi bado kikali, dakika arobaini na tatu.

Akainuka, akauendea mlango wa jiko. Nyuma ya mlango palitundikwa kalenda ya nyakati za sala, ile ambayo msikiti huigawa kila mwaka, na ambayo Bi. Mwanatumu aliitumia pia kuandikia siku za kununua mchele. Batuli akaweka kidole kwenye safu ya Magharibi. Siku ya kwanza ya pete: dakika arobaini na tatu. Akashuka nayo mstari kwa mstari, siku kwa siku, na kila alipotua, jua na hamu vilikuwa vimetua pamoja.

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye fremu ya mlango.

"Umefunga au umerukwa na akili?" mama yake akamuuliza.

"Anafunga, mama. Yule mtu anafunga."

"Nani?"

Batuli akafumba mdomo. Lilikuwa limemponyoka neno ambalo hakupewa ruhusa ya kulisema. Akamwinamia mama yake, akambusu kichwani, akamwomba asahau, na Bi. Mwanatumu, aliyelea mawakili wawili, akarudi kwenye maharage yake kama asiyesikia kitu.

*

Karakana ya mkonge ilikuwa jengo refu lenye mashine arobaini, zikisokota nyuzi nyeupe ambazo baadaye huwa kuta na mapaa ya nyumba. Batuli alifika kesho yake, saa ya chakula cha mchana. Mafundi walikuwa wamekaa barazani, kila mmoja na bakuli lake, wakitaniana juu ya vunjajungu, ile karamu ya mwisho wa Shaabani wanayokula watu kuiaga milo ya mchana.

"Zubeiri yuko nyuma ya marobota," mmoja akamwelekeza. "Huyo hali na sisi. Ana maringo, huyo."

Akamkuta ameketi juu ya robota la nyuzi, mtu mwembamba mwenye ndevu zilizoanza kuchanganyika mvi, mikono juu ya magoti, uso umelowa jasho. Pete ya Batuli ilikuwa ikimchoma kidole.

"Karibu, Bi. Wakili. Nimekwisha kula, vinginevyo ningekukaribisha."

"Bwana Zubeiri, unafunga."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Umeniambia kila siku, kwa siku tisini, na mimi sikukusikia. Naomba radhi kwa hilo."

Zubeiri akaitazama pete yake kama mtu aliyegundua kuwa ameishi na mbea.

Maneno yakatoka polepole. Ramadhani saba zilimpita akiwa katika unga. Alipopata nafuu, wa kwanza kumjia moyoni alikuwa Ramla, na wa pili ni zile siku za Mwenyezi Mungu. Akaanza kuzilipa. Leo ilikuwa siku ya mia na mbili. Lakini katika nyumba ya nafuu, mwenzake mmoja alimwambia kuwa dawa hufunguza saumu. Naye ameagizwa na daktari akae na kibandiko cha dawa mkononi, kile kimtuliziacho hamu. Basi kila alfajiri hukivua, na kila Magharibi, akishapiga funda la maji, hukibandika tena.

"Unashinda mchana kutwa bila dawa," akasema Batuli. Sasa alizielewa zile sabini.

"Ninashinda."

"Kibandiko hakiliwi wala hakinyweki, Bwana Zubeiri. Nadhani hakifunguzi."

"Wewe ni wakili au mufti?"

"Wakili."

"Basi bakia hapo hapo."

"Ungemuuliza sheikh."

"Nikimuuliza sheikh atanijua. Atasema, kumbe Zubeiri analipa. Atafurahi, atamwambia mwenzake kwa furaha, na Ijumaa nitapewa mkono na msikiti mzima." Akatikisa kichwa. "Sikiliza, dada yangu. Miaka saba nilikula mchana wa Ramadhani nje ya ukuta wa msikiti, watu wakinipita. Nilimuasi hadharani. Hili la kurejea nataka liwe baina yangu na Yeye."

"Keshokutwa Bwana Mshana wa serikali atasimama na mstari wako. Atasema kila jioni unatumia unga. Mimi ninalo jibu, ni neno moja tu, na kwa neno hilo Ramla atarudi nyumbani."

Huko barazani mtu alisema jambo, wakacheka wote.

"Nikifunga na malipo yake akawa mwanangu," akasema Zubeiri mwishowe, "nitajuaje nilimfungia nani? Nitaikumbuka kila siku ya hizi na kujiuliza. Usiseme, Bi. Wakili. Tafuta neno jingine."

"Na nisipolipata?"

Akafunika uso kwa viganja. Pete ikapanda ghafla mpaka Batuli akashika robota asianguke. "Ramla ndiye aniumaye," akasema Zubeiri ndani ya viganja vyake. "Lakini usiseme."

Batuli alirudi mjini akiwa na mzigo ambao hakufundishwa chuoni namna ya kuutua. Aliyafahamu mafunzo ya uwakili ya vitabu vya kale, aliyosomeshwa na babu yake kabla ya kusoma ya serikali: wakili ni mwaminiwa, ulimi wake ni wa kuazima, hana haki ya kuvuka alipowekewa mpaka na mwenye jambo. Akilivunja hilo kwa nia njema, atakuwa mwema, walakini hatakuwa wakili. Na asipolivunja, mtoto wa miaka saba atamkosa baba yake maisha, kwa sababu ya siri ambayo si aibu bali ni utukufu. Alilichukua jambo hilo katika sala zake zote za siku ile na ya pili yake, na kila aliposujudu lilisujudu naye, na kila alipoinuka liliinuka naye.

*

Mahakama ya Watoto ilikaa alasiri, kwani asubuhi Hakimu Mishi Athumani alisikiliza mashauri ya Pangani na Muheza kwa njia ya kioo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani mizito, mfupi wa maneno, na kila mtu mahakamani alijua kuwa hapendi mtu anayeanza sentensi kwa "kwa heshima zote". Mbele yake palikuwa na bilauri ya maji ambayo hakuigusa. Mbele ya Batuli palikuwa na bilauri ambayo hakuigusa. Mbele ya Zubeiri vile vile. Bwana Elisante Mshana, wakili wa serikali, kijana nadhifu mwenye tai ya buluu, alikuwa katika bilauri yake ya tatu.

Mstari ulimetameta ukutani, milima tisini imepangwa safu moja.

"Mheshimiwa," akasema Mshana, "sina chuki na Bwana Zubeiri. Ningefurahi kukosea. Lakini mstari haukosei. Kila siku hamu inapanda hadi sabini. Kila jioni inaanguka. Naiuliza mahakama: ni kitu gani kimshushacho mtu kutoka sabini hadi kumi katika robo saa?"

Hakimu akamgeukia Batuli. "Wakili Batuli, umeivaa pete hii siku tisini. Unaijua sababu ya muanguko huu?"

Mvua ilipiga juu ya paa la mkonge. Batuli aliweza kusema hapana, na huo ungekuwa uongo. Aliweza kusema ndiyo na kuendelea, na hiyo ingekuwa khiyana.

"Ninaijua, Mheshimiwa. Sikuruhusiwa kuisema."

Mshana akainuka taratibu, si kwa furaha. "Mheshimiwa, nadhani mwenzangu amekwisha kulijibu shauri."

"Bado sijaketi, Bwana Mshana," akasema Batuli. "Mheshimiwa, Sheria ya Pete, kifungu cha kumi na tisa, inampa hakimu haki ya kuonja. Haijatumika kwa miaka mingi. Naomba, kama mteja wangu ataridhia, mahakama iivae pete hii mpaka kikao kitakapokwisha. Mimi sitatia neno. Mahakama itahisi, na itakachokifahamu kitakuwa chake."

Akamtazama Zubeiri. Zubeiri alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kisha akafumbua macho, akampima Hakimu Mishi kama fundi apimavyo uzi, akainamisha kichwa mara moja.

Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na dakika arobaini. Batuli akaivua pete. Ilikuwa kana kwamba mtu ameondoa jiwe la kusagia juu ya kifua chake; kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu aliusikia mwili wake peke yake. Karani akaipeleka juu ya kitambaa. Hakimu Mishi akaivaa.

Aliiweka sawa miwani yake. Akasema, "Endelea, Bwana Mshana," na Mshana akaendelea kueleza takwimu za miji mitano. Baada ya dakika kumi Hakimu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Baada ya ishirini alimwambia karani asigongegonge kalamu yake, na karani akaonyesha, kwa upole, kuwa hana kalamu. Baada ya nusu saa alivua miwani, akajifuta uso kwa kitambaa, akamwambia Mshana, "Kwa nini sauti yako ni ndefu hivyo?"

"Nifupishe, Mheshimiwa?"

"Ikate."

Akamtazama Zubeiri. Zubeiri ameketi kama alivyoketi tangu mwanzo, mikono juu ya magoti, jasho likimtiririka shingoni, bila kulalamika wala kusogea. Nusu tu ya mzigo ule ilikuwa kwa Hakimu, na nusu hiyo ilikuwa ikimfanya atamani kuipindua meza. Mzigo mzima ulikuwa pale, juu ya kiti cha mbao, umenyamaza.

Ndipo adhana ikalia kutoka msikiti wa jirani.

Katika chumba kile watu watatu walinyoosha mikono kwa wakati mmoja. Batuli akainua bilauri yake. Zubeiri akainua yake. Hakimu Mishi Athumani akainua yake. Kila mmoja akapiga mafunda matatu kwa pumzi tatu, akaiweka chini, na macho yao yakakutana juu ya maji.

Mshana akatazama huku na huko. "Kuna saa maalumu ya maji?" akamnong'oneza karani.

Zubeiri aliingiza mkono ndani ya mkono wa kanzu yake, akabandika kitu, akautoa. Ukutani mstari ukaanza kuanguka. Katika kidole cha Hakimu pete ilitulia kama mtoto aliaye akainuliwa kifuani. Hakimu akaitazama pete, akaitazama bilauri, akaitazama saa: kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Akaugeukia ukuta, akaivaa tena miwani, akaanza kusoma nyakati zilizoandikwa chini ya kila mlima, tangu ule wa leo hadi ule wa kiangazi. Alisoma nyingi. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama chumba kilichofunguliwa madirisha.

Akamwinamia Zubeiri kidogo kutoka kitini pake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi zimenibakia mbili."

Batuli akautia uso wake ndani ya majalada ili asionekane akicheka. Zubeiri akatazama sakafu, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mbili zipi, Mheshimiwa?" akauliza Mshana, kalamu tayari.

"Hizo si za kuandikwa. Mahakama inakwenda kusali, itarudi baada ya robo saa." Akainuka, kisha akasita. "Bwana Zubeiri, kabla sijatoa uamuzi naiagiza nafsi yako jambo moja. Imamu wa msala wetu ni mtu mwenye elimu na hana marafiki wa kuwasimulia mambo. Nenda kamuulize juu ya kibandiko chako. Ni amri ya mahakama."

*

Msala wa mahakama ulikuwa chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Batuli alikwisha kusali upande wa wanawake na alikuwa akikunja mkeka wake aliposikia, upande wa pili, sauti ya Zubeiri ikitafuta pa kuanzia, ikipotea, ikianza tena. Hakukusudia kusikiliza. Pazia ndilo lililokuwa jembamba.

"Hicho kibandiko," ikasema sauti ya imamu, kavu na ya uzee, "unakitafuna?"

"Hapana, Sheikh."

"Unakimeza?"

"Hapana."

"Kinakaa wapi?"

"Juu ya ngozi. Hapa mkononi."

"Basi kimekukosea nini?"

Nyuma ya pazia Zubeiri alisogea mkekani.

"Hakifunguzi, mwanangu. Na lau kingekuwa kinafunguza, nawe ni mgonjwa wa kukihitaji, dini imekuwekea nafasi ya kufungua bila dhambi. Ulikuwa ukikivua?"

"Siku mia na nne, Sheikh."

Batuli alibana mkeka kifuani.

"Mia na nne," akasema imamu. "Bila dawa. Subhanallah. Mimi nikikosa kahawa yangu Ramadhani, siku ya kwanza tu, mke wangu huenda kwa dada yake." Kisha, kwa sauti nyingine: "Siku zako zimesihi, inshallah. Malipo yake siyagawi mimi. Lakini usirudie. Mwili huu ni amana. Na daktari wako naye mwambie."

Ndipo Batuli akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika siku tisini zote. Zubeiri alikuwa akicheka. Kilianza kicheko kidogo, cha mtu anayejizuia msikitini, kikamshinda, kikamwambukiza mzee. Na hao wawili wakacheka juu ya mikeka mpaka imamu akaomba msamaha kwa Mola wake na akaendelea kucheka.

*

Waliporudi, Hakimu Mishi bado alikuwa na pete kidoleni. Alisimama kutoa uamuzi, jambo ambalo hakulifanya kwa desturi.

"Mahakama imeonja dakika arobaini na tano za siku ya mtu huyu," akasema, "na kwa nusu ya uzani wake. Katika muda huo mahakama ilitaka kumfukuza karani, kumnyamazisha wakili wa serikali na kwenda nyumbani. Yeye alikaa. Sheria yetu inaipima hamu na kuiita kosa. Lakini mwenye hamu ya kumi asiyekitwaa anachokitaka, na mwenye hamu ya sabini asiyekitwaa, yupi kati yao aliye imara zaidi? Tumekuwa tukiwarudishia watoto wale wasiojaribiwa na kuwanyima walioshinda. Mstari huu si ushahidi wa unga. Mahakama imeuona muanguko kwa macho yake, imejua kilichousababisha, na hakilazimiki kutajwa. Mtoto Ramla Zubeiri atarudi kwa baba yake leo. Baba yake atavaa kibandiko chake mchana na usiku, na daktari atathibitisha kila mwezi. Bwana Mshana, una neno?"

Mshana alisimama. Alimtazama Zubeiri kwa muda, akafunga jalada lake. "Nilisema ningefurahi kukosea, Mheshimiwa. Nimefurahi. Ingawa sijui nimekosea wapi."

"Na hapo napo si pa kuandikwa," akasema Hakimu. "Mleteni mtoto."

Ramla alikuwa chumba cha pili na mlezi wake, Bi. Nasra, mwanamke mwema aliyemsuka nywele asubuhi ile mara mbili kwa sababu mikono yake haikutulia. Miaka miwili mtoto na baba walionana Jumamosi kwa kioo tu. Mlango ukafunguliwa. Akasimama kizingitini na viatu vyake vyeupe, akakipekua chumba kwa macho, akampata.

Mstari ukutani ukashtuka. Kibandiko kilikuwa mahali pake, dawa ilikuwa inafanya kazi, na bado mstari ulipanda: arobaini, sabini, tisini. Juu ya kiti cha hukumu Hakimu Mishi alishika kifua kwa mkono wenye pete, akakaa bila kutaka.

Mshana akainuka kwa mazoea. "Mheshimiwa, tisini na nane—"

"Keti, Bwana Mshana." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Hii nayo naijua. Nimezaa watano."

"Baba," akasema Ramla, akiwa bado kizingitini, "mbona umekonda?"

"Nilikuwa nakungoja," akasema Zubeiri, akapiga magoti. Mtoto akakivuka chumba kwa mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma chini ya meza ya serikali, na Wakili wa Serikali akainama kukiokota.

Mstari ulikuwa umefika mahali ambapo watengenezaji wa mashine hawakuandika namba. Karani alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe vyake, hajui la kufanya.

"Mheshimiwa, niandikeje hapa?"

Hakimu Mishi akaivua pete, akaiweka juu ya kitambaa chake, akaifunika.

"Andika kuwa mtoto amefika."